Chupa ya Opiyo

Jumatatu, 6 Machi 1967
Samahani, daftari, wiki tatu nimekutupa. Nguvu hazikuwepo.
Leo mikojo tisa ya wodi. Chupa ya kumi ni ya mwanangu Opiyo, imekuja na basi kutoka Masara. Mama mkwe anakaa huko na mume wangu na mapacha, mimi niko Homa Bay, kazi ya maabara. Pacha wake, Odongo, mzima. Opiyo amevimba uso na miguu. Anapewa kidonge kimoja cha kukojoza kila asubuhi. Daktari anataka kujua kama dawa inapita mwilini. Chemsha na asidi, poza, tia naitraiti, tia rangi. Ikigeuka zambarau, dawa imo.
Yake ilibaki karibu kama maji.

Jumanne, 7 Machi
Nimerudia. Vilevile. Nikasaga kidonge chenyewe, zambarau safi. Basi maabara haina kosa. Mama mkwe anatupa dawa. Nina hasira. Niliagiza chupa ijae mpaka shingoni, angalau hilo anatii.
Daktari amesema vidonge viwili kwa siku. Barua nimeandika mimi.

Jumatatu, 13 Machi
Chupa imejaa. Rangi hafifu tena. Vitatu.

Ijumaa, 17 Machi
Mama ameshuka na Opiyo mgongoni. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, ukimwita haitiki. Nilimfokea Mama kwenye korido, watu wakiangalia. Mama mzima wa mume wangu.
"Min Opiyo," akaniita, mama wa Opiyo, "dawa nimempa yote. Mkojo wake ni kijiko tu. Wewe ulisema ijae, nikaongeza ya Odongo. Si ni mapacha? Tumbo ni moja."
Nilipima kijiko chake peke yake. Zambarau nzito, imepita chupa zangu zote za kulinganisha. Nikaandika kitabuni kwa mkono uleule ulioandika barua.
Daktari amesimamisha dawa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 19 Machi
Dripu inatona. Amefungua macho mara moja. Daktari haahidi kitu. Nimemwomba Mama msamaha, amenipa uji ninywe.
Basi la kesho lipeleke ujumbe Masara. Bado nahitaji:
Blanketi la kijani la Opiyo.
Kikombe cha bati.
Leso mbili za Mama, na viatu vyake.
Chupa hapana.
Odongo, aje na baba yake. Opiyo amemtaja.