Salamu Ndefu

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na macho bado yanaviona vile visukurubu vyako vya saa. Sisi hatujambo, ila mama goti linamsumbua akipanda ngazi. Hajui kama nakuandikia.

Nitasema moja kwa moja. Nimeanza kucheza poka. Si ya vibarazani, ni mashindano, kwenye ukumbi wa hoteli iliyo karibu na karakana yetu ya kushona. Kila mtu anapewa vibao vya plastiki sawasawa, na vikimwishia anatoka. Nimeingia mara nne, na mara zote nne nimetoka kabla chai haijaletwa. Wananiita Sindano kwa sababu ya kazi yangu, na sasa wanasema sindano imekatika ncha.

Mwezi wa tano watachaguliwa wanane wa kucheza fainali, na atakayeshinda fainali atakwenda kuwakilisha klabu ng'ambo. Nina miaka thelathini na minne, na tangu nimalize shule sijashinda kitu chochote. Hiki nakitaka. Wakongwe wa pale bado wanakutaja, wakisema hakukuwa na mtu wa kukusoma uso. Nifundishe, mjomba. Simu yako haipatikani, anwani nimepewa na muuza viatu wa jirani yako.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Simu usinipigie. Utaniandikia. Mchezo ukisimuliwa kwa mdomo hutiwa chumvi, ila kwenye karatasi mtu huona aibu kidogo. Kila ukitoka ukumbini niandikie jinsi ulivyotoka: ulikaa wapi, nani alitangulia kupandisha dau, ulibakiwa na vibao vingapi.

Unacheza karata nyingi mno, nalijua hilo hata bila kukuona. Mwanzoni vibao ni vingi na lile dau la lazima, ambalo kila mtu huliweka kwa zamu hata kabla ya kuona karata, ni dogo, basi haraka ya nini? Tupa karata. Tupa tena. Lakini kila nusu saa dau la lazima linapanda, na anayengoja mno humalizwa akiwa ameketi vizuri kitini. Kuna wakati wa kungoja na wakati wa kuvamia, na kazi yote ni kujua saa. Saa ndiyo kazi yangu, kwa hiyo kwa hili umefika kwa fundi.

Mwisho, mkwara, yaani kuweka dau kubwa huku umeshika karata mbovu. Usimpige mkwara mtu asiyejua kuogopa. Mchezaji mzuri unaweza kumtisha akatupa karata. Mbishi hatishiki, anataka tu kuona umeshika nini.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba wangu mpendwa sana,

Shikamoo nyingi. Habari za siku nyingi? Afya? Kazi? Mgongo? Muuza viatu hajambo, na mkewe, na watoto? Mvua zimeanza huko? Paa halivuji? Sisi huku hatujambo kabisa, mafundi wenzangu hawajambo na wanakusalimu ingawa hawakujui, na yule paka wa karakana amezaa wanne, wote wazima, wawili weusi na wawili wa madoa.

Jumamosi nilicheza kama ulivyoagiza. Nilitupa karata mpaka mkono ukachoka. Nilitoka wa kumi na mbili, na ilikuwa bahati mbaya tu. Nilishika bibi wawili, nikaweka vibao vyote, daktari wa meno akanifuata, na karata ya mwisho ikamwokoa yeye. Ndiyo mchezo, mtu afanyeje.

Mpwa wako akupendaye

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mzima.

Umenisalimia mpaka paka. Nimeiweka barua yako ya kwanza kando ya hii. Kule salamu zilikuwa mistari miwili, huku ni nusu ukurasa. Kila mchezaji ana kitu kinachotoa siri yake. Mmoja hushika sikio, mwingine humeza mate. Wewe ukiwa na la kuficha, salamu hurefuka. Naapa hata pale mezani ukishika karata mbovu unamuuliza jirani habari za nyumbani.

Hukuwa na bibi wawili. Ulimpiga mkwara daktari wa meno, na mbishi huyo nilimwacha hapo mwenyewe, hajatupa karata tangu azaliwe.

Sikiliza sasa, maana hili ndilo litakalokupeleka fainali. Siku ya kutafuta wanane hakuna wa kwanza wala wa nane, wote wanane ni sawa. Mkibaki tisa, angalia nani yuko karibu kuishiwa. Akiwepo mwenye vibao viwili vitatu, nawe unavyo vya kutosha, kisha mtu mwingine akaweka vyote kabla yako, tupa karata, umngoje yule wa vibao vichache atoke. Hata ukiwa na ree mbili, ambazo hakuna karata za kuzishinda mwanzoni, tupa. Itakuuma. Watu watakucheka. Lakini kuna siku karata nzuri kuliko zote ni ya kutupa, kwa sababu unachokitaka hakipatikani kwa kuicheza.

Mjomba wako

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo.

Ni kweli. Siku ile na daktari wa meno nilishika saba na mbili, karata mbovu kuliko zote, tena za rangi tofauti. Samahani.

Jana tulibaki tisa. Mwenye duka la vioo alikuwa na vibao viwili na dau la lazima lilikuwa linamjia. Nikainua kona ya karata zangu: ree ya kopa, ree ya shupaza. Mtu wa mbele yangu akaweka vyote. Mikono ilinitetemeka hadi nikaikalia. Nikatupa. Mzunguko uliofuata mwenye vioo akatoka, na mimi niko fainali, Jumamosi tarehe kumi na tano Juni, saa nne asubuhi. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Kuna jingine. Mama amezikuta barua zako kwenye kopo la vifungo. Hakugomba. Alizisoma zote akiwa amesimama, akazirudisha, akasema, "Muulize yeye alikuwa wapi siku mama yetu alipokuwa akimwita." Basi nakuuliza. Najua bibi alifariki na najua hamsemezani tangu siku hiyo. Mengine hakuna aliyewahi kuniambia.

Mpwa wako

27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mzima.

Nilikuwa meza ya mwisho. Tulikuwa tumebaki wanne. Mhudumu akaniletea karatasi yenye mwandiko wa dada yangu: Mama anakuita, njoo sasa hivi. Nikaisoma, nikaibana chini ya vibao isipeperuke. Nikajiambia bado kidogo tu. Nilishinda siku ile. Nilipofika hospitali dada alikuwa amekaa kwenye ngazi, na hakusogea nipite, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumwendea.

Miaka tisa sijamwomba radhi. Kila nikitaka kuanza nakosa neno la kwanza. Karata za siku ile nimezisahau zote, ila karatasi yake ninayo mpaka leo. Mwambie hivyo, au usimwambie. Wewe utaona.

Mjomba wako

8 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, tena marahaba. Hujambo sana? Kazi inaendeleaje? Mafundi wenzako hawajambo? Wale watoto wa paka wameshakua? Na cherehani yako, haikusumbui kwa kukata uzi? Na mama yako, goti lake linaendeleaje? Mwambie akande kwa maji ya moto na asipande ngazi hovyo. Huku hali ya hewa ni nzuri, jirani yangu wa viatu hajambo, na mimi mwenyewe sijambo kabisa, nakula, nalala, sina neno.

Cheza fainali yako kwa utulivu. Usimwangalie mtu wa kushoto, mwangalie wa kulia, maana yeye ndiye anayeamua kabla yako. Wakibaki watatu, vamia. Na baada ya fainali usijisumbue kuja huku wiki hizi, nitakuwa na saa nyingi za wateja. Nitakuandikia mimi.

Cheza mpaka mwisho, mwanangu. Usiinuke.

Mjomba wako akupendaye

13 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Mkwara wako nimeukataa. Umenisalimia mpaka cherehani. Miaka tisa hukumuulizia mama, leo unauliza goti. Nilipomaliza kusoma nilimpigia muuza viatu, naye si mchezaji, hakujua kuficha. Kumbe tangu Februari unanong'ona. Kumbe ndiyo maana simu ilikuwa mwiko. Kumbe Jumamosi hiyohiyo ya fainali, saa mbili asubuhi, unapasuliwa koo, na daktari amekuambia sauti huenda isirudi, na wewe mwenyewe huenda usiamke. Ukataka niwe mezani na karatasi ya mtu imebanwa chini ya vibao vyangu. Nimekasirika, mjomba. Nimekasirika kweli, na nakupenda.

Kiti changu kitakaa kitupu na dau la lazima litakula vibao vyangu kimoja kimoja. Wachukue. Nimeshatupa ree mbili, na hii natupa kwa mkono usiotetemeka.

Barua zako mbili za mwisho nilimpa mama. Nikamweleza habari ya salamu, jinsi ulivyonikamata kwa paka, na jinsi zako zilivyorefuka. Alizisoma mara mbili. Akauliza kitu kimoja tu: "Bado anaweza kusema?" Nikamwambia unaweza kunong'ona tu, tena mpaka Jumamosi. Akaingia chumbani. Nilidhani amekwenda kulala. Alitoka na mfuko umefungwa na viatu vya safari miguuni, goti na yote.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo. Sisi tunapanda la kesho alfajiri, tutafika jioni. Lile neno la kwanza ulilolikosa usilitafute tena, mama anasema likija lolote linatosha.

Kuanzia sasa usiseme na mtu yeyote, hata muuza viatu. Sauti iliyobaki ni ya dada yako.

Mpwa wako