Mbwa Aliyepelekwa Mawindoni kwa Baiskeli

Mama Neema mpenzi,

Huku kwenu Nyabusozi jua linakaanga mtu bila mafuta, ila mimi mzima. Nilimwahidi mama yako nyama ya kanga. Mtu aliyefika Bujumbura atashindwa na ndege? Kaka yako akanipa baiskeli na mbwa wake. "Shemeji, mpakie kwenye keria, asichoke kabla ya kazi."

Nikanyonga baiskeli vilima vitatu hadi porini. Kundi la kanga likatimka mbele yetu. Mbwa hakushuka, akabaki kunitazama. Nikawakimbiza mwenyewe mpaka pumzi ikakata, sikupata hata unyoya.

Nilipowasimulia, kaka yako akasema, "Kumbe mbwa ulikuwa wewe, shemeji." Mama yako akanihurumia, akachinja jogoo.

Nawapenda wewe na Neema. Nikirudi nifungulieni bila hofu, siumi.

Baba Neema