Jiwe Nililolitia Alama

Jumatatu, 5 Januari 1998

Machimboni leo. Vumbi, jua kali, kahawa mbaya. Nimechagua jiwe la boriti, lile litakalolala juu ya mlango wa chumba cha mungu. Nimelitia alama: manjano, kisha unga mwekundu. Basi. Limekwisha.

Sijatulia.

Niandike ilivyokuwa, maana sina wa kumwambia. Jiwe la boriti hupimwa kwa sauti. Unaligonga kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, toka kichwani mpaka miguuni. Jiwe zuri linaimba kama kengele. Bovu linaguna. Na liko jiwe lenye mimba, lenye tundu ndani. Wazee wetu walisema humo amefungiwa chura. Hilo linaimba kote, ila pahali pamoja tu linameza sauti. Ukilipandisha juu ya mlango, ipo siku litakatika hapo hapo.

Na mimi huu mwaka wa pili sisikii kengele wala kuguna. Miaka arubaini na minne ya nyundo na tindo! Sikio la kushoto limekufa. La kulia linapata vishindo tu, kama mtu anayekung'uta godoro nyumba ya pili. Hakuna anayejua. Watu huona nimenyamaza wakadhani nina busara. Sina busara, sisikii!

Nikigonga jiwe huwa namtazama Masilamani. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, tena ndiye mume wa binti yangu Kuzhali, tena ndiye mkono wangu wa kulia kazini. Uso wake hauwezi kuficha kitu. Jiwe likiguna anakunja pua kama aliyenusa maziwa yaliyochacha. Kwa pua hiyo nimechagua mawe ya mahekalu matatu.

Leo amekuja na miwani nyeusi, na kitambaa amejifunga mpaka chini ya macho. Ule ugonjwa wa macho mekundu umeingia kijiji kizima. Nikamwambia afungue kitambaa. Akasema, nadhani, kwamba vumbi linamchoma. Ningesema nini zaidi? Nionyeshe pua yako?

Nikagonga. Nikaweka kiganja nyuma ya nyundo, nipate mtetemo. Mzuri. Mzuri. Nilipofika shubiri ya tatu upande wa kushoto, Masilamani akadondosha birika la maji, likamwagika lote. Nikamkaripia mbele ya wachimbaji. Nikarudi kazini. Mtetemo ukasita kidogo kiganjani. Ulisita, au ni hasira ya birika? Wote wananisubiri. Nikatia alama.

Alama ya fundi mkuu ikishatiwa, hakuna wa kuligonga jiwe tena. Si msaidizi, si kuhani, si mimi mwenyewe, mpaka siku ya kumrudisha mungu. Kuligonga ni kumtukana aliyetia alama na wote waliomfundisha. Nimeilinda sheria hiyo maisha yangu yote. Leo naichukia.

Jumamosi, 10 Januari

Lori limefika. Jiwe zima, halina hata mkwaruzo.

Boriti ya kale bado imelala uani, vipande viwili. Ilikaa juu ya mlango ule karibu miaka elfu. Halafu mvua za Novemba ya mwaka juzi: mto ukapanda, msingi ukatitia upande mmoja, boriti ikakatika. Ubavuni ina maandishi. Mjane aitwaye Sattan Kuravi ametoa kondoo tisini ili taa ya mungu isizimike maadamu jua na mwezi vipo. Kamati ya hekalu inataka niyachonge maneno yale yale kwenye boriti mpya, herufi kwa herufi, kwa umbo lile la kale.

Nimekaa chini nikayapapasa kwa kidole. Jina la mjane lipo. La mfalme lipo. Kondoo wamehesabiwa. Jina la fundi halipo popote. Alikuwa na masikio yake mazuri, ametulia zake.

Kuhani Swaminathan akaja kulitazama jiwe. Ana miaka sabini na minane, mwili umebaki mifupa na uzi wa ukuhani. Huyu namsikia vizuri kidogo, kwa sababu husemea karibu na hutema mate. Akaniambia, "Fundi, siku namhamishia mungu kwenye chungu cha maji nilimwambia ni siku chache tu, bwana, mafundi wanatengeneza. Sasa mwaka na zaidi! Kila asubuhi ananitazama kama mpangaji aliyedanganywa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kikamkunja. Nilimshika bega, nikaona mkono wangu unazunguka mfupa mtupu. Kwa desturi yetu, hekalu likitengenezwa mungu huhamishiwa majini; sasa yumo chunguni, ndani ya banda la makuti. Ndani ya hekalu kumebaki mawe tu. Hakuna ngoma, hakuna sikukuu, hakuna harusi iliyofungwa hapa tangu mafuriko. Kuhani anasema hafi mpaka amrudishe. Wala hasemi kwa mzaha.

Jumatano, 14 Januari

Pongal, sikukuu yetu ya mavuno. Kila nyumba chungu kinafoka maziwa mlangoni, watu wanapiga kelele za furaha. Naona midomo.

Kuzhali ameniletea wali mtamu wa sukari guru. Kumbe alikuwa nyuma yangu muda mrefu ananiita. Akanigusa bega, nikaruka! Akasema siku hizi Baba anajibu akipenda, kama paka. Nikacheka naye. Wali ulikuwa mzuri, sikuumaliza.

Jumatatu, 19 Januari

Sikuweza kuvumilia. Kugonga siruhusiwi, lakini kuosha hakuna aliyekataza, na penye tundu ndani jiwe huchelewa kukauka. Jana jioni nilimwagia jiwe ndoo sita za maji, nikasema ni kuondoa vumbi. Leo alfajiri nimefika kabla ya wote.

Limekauka lote. Jeupe, safi. Ila shubiri ya tatu kutoka kushoto. Doa. Bichi bado, ukubwa wa kiganja changu.

Sasa niandike nililofanya. Nilivua taulo la begani nikalifuta lile doa. Nikafuta, nikafuta, mpaka likafanana na jiwe lingine. Kisha mafundi wakaja, nikawaamkia, tukanywa kahawa.

Sijawahi kufanya jambo la aibu namna hii. Nililifuta kama mwizi anayefuta nyayo.

Nikisema, itakuwaje? Jiwe jipya ni mwezi mzima. Mnajimu amekwisha kusema: ikipita tarehe tano Februari, siku njema nyingine ni Juni. Kuhani hafiki Juni. Na nitaulizwa swali moja tu, fundi, ulipoligonga hukusikia? Nitajibu nini? Baada ya hapo nani ataniita kwenye hekalu? Nitakaa kibarazani kwa Kuzhali nikitafuna tambuu na kutazama midomo.

Alhamisi, 22 Januari

Nimeanza maandishi. Leo nimefika "kondoo tisini". Mkono bado mzuri, angalau huo.

Mchana Masilamani akaja akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso. Macho yamepona. Akasema taratibu:

"Mjomba, naomba unipe ruhusa niligonge jiwe. Mara moja tu. Si kwa ubaya. Masikio yangu mimi ndiyo siyaamini. Siku ile macho yalikuwa yananiwaka, kichwa kinauma, nikasikia ovyo ovyo. Nataka nijifunze."

Nikamwuliza, "Nani fundi mkuu hapa?"

"Wewe, Mjomba."

"Alama ni ya nani?"

"Yako."

"Basi nenda kachonge. Umeoa binti yangu, hukuoa masikio yangu!"

Mafundi wote wakaangua kicheko. Mmoja alitema tambuu yake kwa kucheka. Masilamani hakucheka. Aliinama akagusa miguu yangu, akarudi kwenye nguzo yake. Alikuwa amenifungulia mlango nitoke kwa heshima, nami nikamfungia usoni mbele za watu. Sikuchonga tena leo. Nilisingizia mgongo.

Jumanne, 27 Januari

Imepanda. Kapi mbili, minyororo, watu kumi na wanane. Kuhani alivunja nazi. Imekaa mahali pake sawasawa, hata wembe haupenyi kwenye kiungio. Wote wakapiga makofi.

Nimerudi nyumbani mapema nikalala. Kuzhali anasema ni jua.

Ijumaa, 30 Januari

Hakuna kitu. Nimekwenda mara nane kutazama. Hakuna ufa. Jina la Sattan Kuravi limekaa vizuri, asubuhi jua linaligonga. Mama huyo alitoa mifugo yake ili taa isizimike, na mimi nimeliweka jina lake kwenye jiwe nisiloliamini.

Labda kiganja kilikosea. Labda doa lilikuwa maji tu yaliyotuama.

Jumatano, 4 Februari

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Leo wamepamba. Maua, majani ya mwembe, chokaa ya mapambo sakafuni. Kwenye mlango wa chumba cha mungu wamefunga migomba miwili, huku mmoja na huku mmoja, ina mikungu na maua yake, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimechoka, nikaegemea mmoja.

Haukubonyea. Mgomba! Mgomba ni maji matupu, ukiuegemea unabonyea. Huu ulikuwa mgumu kama ukuta. Nikaingiza kidole kwenye maganda. Ndani kuna mrunda. Mti mnene, umekatwa kwa kipimo, umekazwa kwa kabari mpaka chini ya boriti. Maganda ya mgomba yamefungwa kuuzunguka. Na wa pili vile vile. Wa kushoto umesimamishwa sawa kabisa chini ya shubiri ya tatu.

Fundo la kamba nalijua. Ni mimi niliyemfundisha Masilamani, akiwa na miaka kumi na minne.

Nimekaa chini pale pale. Yote yamenijia kwa mpigo. Birika! Hakulidondosha, alilitupa. Uso ulikuwa umefunikwa, akatupa birika, nami nikamkaripia. Na kusema kwake taratibu, na kukaa kwake mbele yangu kila mara, tangu lini? Na ile pua. Mtu mzima gani anakunja pua kila jiwe likiguna? Alikuwa ananikunjia makusudi! Miaka miwili. Miaka miwili ananipa masikio yake na kuniacha nitembee kifua mbele nikiitwa fundi mkuu.

Nimelia. Hekaluni, mbele ya mlango, mtu mzima. Mfagiaji akaniona, akadhani ni ibada, akaunganisha viganja.

Alhamisi, 5 Februari

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Nimekaa kwenye ngazi za ukumbi. Watu wamejaa mpaka mtoni, na wengine juu ya mapaa. Daftari liko gotini, wanadhani naandika vipimo.

Saa iliyopangwa ni moja na dakika arubaini. Vyungu vya maji vimetoka bandani, vimebebwa vichwani chini ya miavuli. Kuhani yuko mbele na chungu cha mungu. Hakuna aliyeweza kumpokonya, ingawa miguu inamtetemeka.

Kuna jambo limetokea sasa hivi. Kuhani ametazama mlango, akatazama miavuli, akaonyesha kwa kidevu. Nimeshika maneno machache: njia nyembamba, migomba isogezwe ukutani. Vijana wawili wa kamati wakaenda na panga la kukatia kamba. Masilamani akawawahi, akasimama katikati ya mlango, chini ya boriti yenyewe. Mikono inaongea. Sioni mdomo wake, amenipa kisogo. Karani wa kamati amechukia, anamwonyesha saa ya mkononi. Kuhani amenyanyua kiganja kimoja. Hili nimelisoma vizuri: kwanza fundi.

Desturi yenyewe. Fundi mkuu hupanda, huligonga jiwe mara moja mbele ya watu wote, husema, "Linaimba." Hapo kazi inakuwa imepokelewa. Hapo migomba itasogezwa, kuhani atapita chini yake na mungu wake kichwani, na watu nyuma yake, wanawake na watoto, leo na kesho na miaka yote.

Au niseme sivyo. Mungu abaki chunguni mpaka Juni. Mzee arudi bandani.

Namtazama kuhani. Jasho linamtiririka, lakini anatabasamu kama bwana harusi. Niliwahi kumwona hivyo lini?

Ninaogopa. Kuliko nilivyoogopa siku mke wangu alipokuwa anakata roho. Siku ile angalau nilisikia pumzi zake.

Vijana wameacha kamba. Masilamani amegeuka. Amekuja mpaka hatua tatu mbele yangu, uso mtupu juani, hana miwani, hana kitambaa. Hakunji pua. Ananitazama tu, machozi yamemjaa, kama siku ile ya zamani alipokuja kwangu, mtoto wa dada yangu, na sanduku lake la bati.

Nyundo ndogo iko mapajani mwangu, juu ya daftari.

Nadhani wameniita. Watu wote wamegeuka kunitazama. Masilamani amenyoosha mkono. Wa kuniinua, au wa kuipokea nyundo, sijui