Mstari Uliotikisika Jumamosi ya Pasaka

Chaka,
kupitia Nyeri.
6 Juni 1964

Mpendwa kaka Hezekiah,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Isome barua hii ukiwa peke yako, na neno lolote lililomo lisiwafikie Wakenya wenzako hapo chuoni, maana habari zao hufika Nyeri kabla ya ndege ya posta. Ukishaisoma, ichome.

Sasa nikusalimu. Mguu ulioutegua siku ile ya tetemeko umepona? Baridi ya Alaska imepungua? Sisi tu wazima. Mama alishikwa na homa mwezi wa nne kwa kukuwazia, lakini barua yako ilipofika alikunywa uji bakuli mbili, akatoka kwenda kupalilia viazi.

Nimemsomea barua hiyo mara tatu. Nilipofika pale unapoeleza kwamba sakafu ya bahari husukumwa chini ya nchi kavu, ikakwama kwa miaka mingi, kisha ikateleza ghafula, aliuliza ni nani anayeisukuma. Nikamwambia umeandika kwamba hata maprofesa wenu hawajakubaliana.

Akasema, "Basi wabishanie huku Nyeri, na mtoto wangu awe nao."

Habari ya bahari kurudi na kubeba nyumba aliisikiliza huku akimenya viazi. Kilichomliza ni ile ardhi iliyoshuka kimo cha mtu, maji ya chumvi yakaingia msituni, na miti ambayo unasema itakufa imesimama. Hata chaza walioinuliwa pamoja na mwamba wao, wakaozea juani, aliwasikitikia. Anataka kujua kama shamba lililokunywa chumvi huja kupona. Tafadhali mjibu hilo, mimi sikuweza.

Sasa nije kwa jambo langu. Unajua mimi ndiye karani wa kisima cha serikali hapa Chaka, kile kilichochimbwa kwa mashine. Ndani yake kuna boya, na boya huvuta kalamu inayochora kimo cha maji kwenye karatasi inayozungushwa na saa. Kila siku napaswa kukikagua. Kila Jumanne nabadilisha karatasi na kutia sahihi.

Pasaka sikuwapo. Nilitoroka Alhamisi nikaenda Kianyaga kwa shangazi Murugi, bila ruhusa. Niliporudi Jumanne nilikuta mstari umenyooka vizuri hadi Jumamosi asubuhi, yapata saa moja na nusu, kisha ukaruka juu na chini kama meno ya kitana, ukatulia tena. Mkubwa wetu, Bwana Mutahi, husema siku zote kwamba kalamu ikiruka, kuna mkono wa mtu. Philemon, aliyenitangulia, alifukuzwa kwa sababu wachungaji wa mbuzi walichezea kifuniko. Niliogopa, kaka. Nikachukua karatasi mpya, nikaunakili mstari wote kwa uangalifu, nikauacha nje ule mruko, nikatia sahihi.

Mwezi uliopita Nairobi wakaagiza karatasi zote za wiki ya Pasaka. Jumatano Bwana Mutahi akaniita ofisini kwake, akaiweka yangu mezani kando ya ile ya kisima cha Timau.

"Ya Timau imeruka, yako imelala," akasema. "Ngatia, kisima chako kilikuwa kimeenda kanisani?"

Makarani wote wakacheka. Nami nikacheka. Tarehe 30 atakuja mwenyewe Chaka kukagua.

Jioni hiyo nilimwendea Mwalimu Oloo, anayefundisha jiografia hapa. Wewe uliandika kwamba mlitikiswa Ijumaa jioni, ndiyo maana sikuhusisha mambo haya mawili. Oloo alinionyesha kwamba Ijumaa yenu jioni kwetu ni Jumamosi alfajiri, na kwamba mtikisiko ulichukua kama saa nzima kupita ndani ya dunia hadi hapa. Ardhi ilibanwa na kuachiliwa kama chuchu ya ng'ombe, maji yakapanda na kushuka kisimani.

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Saa uliyokuwa umelala kifudifudi huko ukishikilia nyasi, kisima chetu kilikuwa kinatupa habari, nami nikaifuta.

Karatasi ya kweli sikuichana. Imo ndani ya Biblia yangu. Tarehe 30 nitampa Bwana Mutahi mkononi na kumwambia yote, hata safari ya Kianyaga. Nitumie kipande cha gazeti chenye saa kamili ya tetemeko, asije akadhani na karatasi hii nimeibuni. Kisipofika, nitampa hivyo hivyo.

Mama, dada Wacera na Mwalimu Oloo wanakusalimu. Mungu aliyeishika nchi chini ya miguu yako aendelee kuishika.

Usiniandikie kwa sanduku la ofisi, barua hufunguliwa. Hadi mwisho wa mwezi andika kwa Mwalimu Barnabas Oloo, Shule ya Msingi, Chaka, na ndani utie bahasha ya pili yenye jina langu. Kuanzia Julai andika kwa shangazi Murugi, Kianyaga. Ikiwa nitakuwa bado kazini, atanitumia. Ikiwa sivyo, nitakuwa hapo hapo kwake nikichuma kahawa, na nitaipokea mwenyewe.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Ngatia