Peasi za Lyse

Jumapili, 10 Mei 2015

Baada ya misa nimewapa tena habari za Lyse, pale pale nje ya kanisa. Aliyekuwa na haraka, shauri yake. Binti yangu yuko Uchina anasomea udaktari wa peasi. Si wa watu, wa matunda. Anachuma jani la mche, anapima vinasaba vyake, halafu anachora ramani: hapa umekaa wekundu wa ganda, hapa utamu, hapa ule mchangamchanga unaokwaruza meno. Mche uko chini ya goti na yeye anajua utazaa nini! Nani mwingine mtaa huu wa Buzebazeba ana mtoto wa namna hiyo?

Jirani yangu Mwanvua hakosi la kusema. Eti Mama Lyse, hiyo peasi inaliwa, au inatazamwa kwenye simu tu? Nimemwambia asubiri. Lyse anarudi Juni, atamletea kikapu.

Chumba chake nimeshapaka chokaa. Kitandani nimeweka lile shuka la maua. Mlango nauacha wazi ili nikipita nikione.

Jumanne, 12 Mei

Meli imeshusha wakimbizi wengine kutoka Kagunga, kule mpakani. Uwanja wa mpira umejaa. Barabarani Kirundi kitupu. Mimi nilivushwa mpaka huo huo mgongoni kwa mama, mwaka sabini na mbili, sikumbuki lolote.

Veneranda wa jumuiya amepita. Anatafuta nyumba za kuwaweka kina mama wenye vichanga mpaka magari ya kambini yaje. Yuko mmoja anaitwa Inamahoro, mume wake amepotelea njiani. Nikasema sina nafasi. Akatazama mlango ulio wazi. Na chumba hicho? Hicho cha Lyse, nikamwambia, na chokaa haijakauka.

Imekauka tangu Pasaka.

Ijumaa, 15 Mei

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Lyse. Nimeusikiliza nimesimama, nikausikiliza tena nimekaa.

Harudi Juni. Yaani — anaweza kurudi, amemaliza, cheti anapata. Lakini profesa wake anataka abaki. Ile miche aliyoizalisha mwenyewe, mama mwekundu na baba mtamu, haijazaa bado. Peasi si mpapai, inachukua miaka minne, mitano. Ramani inasema miche hii itazaa matunda mekundu yasiyo na mchanga. Lakini ramani si tunda, mama, anasema. Akiondoka sasa watampa mtu mwingine aje aonje.

Halafu akasema: nakumbuka michikichi ya baba.

Na mimi naikumbuka. Marehemu Térence alichagua mbegu za mchikichi bora kuliko yote, ule wenye kokwa la ganda jembamba, mafuta tele. Akapanda zote kwa mstari. Tukangoja miaka. Mingine ikazaa vizuri, mingine mikungu inaoza kabla ya kuiva. Watu wakasema tumerogwa. Ndugu yake Anatoli akaleta mganga! Lyse, mtoto wa darasa la tatu, ndiye aliyekuwa anazunguka na kisu anapasua kokwa, anauliza kwa nini watoto wa mti mmoja wasifanane. Baba yake akamjibu, mwana wanje, mtoto wangu, hilo sijui, kalitafute.

Basi kalitafuta.

Mwisho anasema: ukitaka nirudi, mama, sema neno moja tu, nitarudi na sitalalamika. Wanangoja jibu lake Jumatatu.

Neno moja. Huyu mtoto ananijua kweli? Mimi niseme neno moja?

Jumamosi, 16 Mei

Sijajibu. Nimepika ugali wa watu wawili, sijui kwa nini. Mwanvua kaniuliza Juni tarehe ngapi, maana anataka kufuma kitambaa cha kumpokea. Nikamwambia tarehe bado. Hakunitania. Afadhali angenitania.

Mvua. Nimekwenda nikakaa kwenye kile kitanda. Shuka lina baridi kama halijawahi kulaliwa na mtu.

Jumapili, 17 Mei

Sikwenda misa. Nilikwenda uwanjani nikamuuliza Veneranda, yule Inamahoro amepata pa kulala? Bado. Alikuwa chini ya turubai, nguo zimelowa, mtoto kamfunga kifuani. Nikamsalimu kwa Kirundi changu hiki kibovu. Akacheka kidogo. Anasema ninaongea kama bibi yake.

Njiani tukija nyumbani nimemweleza habari za Lyse, zote, na ramani. Amesikiliza. Peasi alishaila mara moja huko kwao. Inakwaruza meno, anasema. Nikamwambia ndiyo hiyo! Hiyo hiyo ndiyo binti yangu anayoishughulikia!

Sasa amelala kwenye shuka la maua. Mlango kaufunga, nami nimemwacha aufunge.

Nimechukua simu. Nimebonyeza, nikasema, Lyse mwana wanje, mama yako hapa, mzima kabisa, sasa sikiliza — na kichanga kikaanza kulia chumbani kwa Lyse. Nikaielekeza simu mlangoni. Simu bado inarekodi. Analia vizuri, ana mapafu yenye nguvu. Lyse atasikia, atauliza, mama, ni mtoto wa nani huyo anayelia chumbani kwangu?

Kidole kiko pale pale. Nikikiondoa, ujumbe unakwenda. Sijakiondoa.