Jeneza la Rogelio Juu ya Mikono

Ofelia shoga, nimerudi kutoka makaburini sasa hivi, hata viatu sijavua.

Unawajua wale wazee waliopiga na kucheza panki, ule muziki wa makelele, na marehemu mume wangu tangu 1981, wenye vipara na tatuu shingoni? Niliwakalisha viti vya nyuma kabisa, wasije wakaniaibisha mbele ya Padri.

Basi tunatoka kanisani, mpwa wangu aliyebeba jeneza upande wa mbele akateleza kwenye ngazi. Jeneza likainama. Nikasema, Bikira Maria, Rogelio wangu anamwagika barabarani.

"Mikono juu!" Ni Beto, yule mpiga ngoma wao. Shoga, wazee wote, waliokuwa wametangulia kutoka na kusimama chini ya ngazi, wakanyanyua mikono, jeneza likapita juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, mpaka garini. Wala halikuyumba.

Wifi Mirna akafoka, "Mnampitisha kaka yangu kama gunia?"

Beto akamjibu taratibu, "Dada Mirna, huyu kila Jumamosi alijirusha kutoka jukwaani juu ya mikono yetu, na gitaa lake shingoni. Hatukuwahi kumwangusha."

Hatukuwahi kumwangusha. Na mimi miaka thelathini nilikuwa nafunga na kusali aachane nao.

Sasa napasha tamale, ile mikate ya mahindi yenye nyama ndani, ya kuwalisha waliokuja mazikoni. Beto na wenzake nimewaambia wakae meza ya mbele.