Sio Gofu, Ni Gorofa

Jumatatu, 16 Juni 2025

Wametupiga X! Nyekundu, kubwa, ukutani juu ya cherehani yangu. Miaka kumi na tisa nashona kwenye baraza hii, leo naambiwa baada ya siku kumi na nne tingatinga linakuja. Bibi Kumud, mwenye nyumba, kashuka na shali yake, akaigusa rangi. Bado mbichi. Kazaliwa humo juu. Mimi nilisema ya kwangu na ya kwake.

Jumanne, 17 Juni

Baridi ya Iringa hii, acha tu. Wateja wanakuja kuchukua nguo mapema — utadhani nimeshakufa! Mmoja kanipa pole. Nimemwambia abaki nayo. Gorofa la Mhindi, miaka tisini, mawe chini, tofali za kuchoma juu, roshani ya mbao za mninga ambayo maharusi wote wa mjini wanapigia picha. Leo liangushwe na kopo la rangi? Thubutu!

Alhamisi, 19 Juni

Leo! Leo! Nimeenda ofisi ya manispaa na Bibi Kumud, tumeshikana mikono. Tukasalimiana kamwene, kamwene, tukakaa. Kijana wa majengo, Aroni, kasema mama, yanabomolewa magofu tu, orodha hii hapa. Nikaisoma. Namba saba: "Gofu la Mhindi."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Aroni akadhani nimechanganyikiwa. Nikamuuliza jina hilo kalitoa wapi. Kwenye simu, anasema. Mkaguzi alikuwa mtaani anamtajia majengo yote ya zamani, mtandao unakatakata. Kila aliposikia "gofu" yeye akaliweka upande wa kubomoa. Watu wa rangi wakafuata karatasi. Baba wee, go-ro-fa! Gorofa!

Bibi Kumud ndipo akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Gofu hilo lina ngazi ishirini na mbili, mwanangu, njoo uzihesabu.

Akaja! Akapanda anahesabu kwa sauti, akanyweshwa chai ya tangawizi, akashuka mpole kama kondoo. Halibomolewi. Linaingia kwenye majengo ya kuhifadhiwa, na kibao litawekewa. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Tumeshinda! Mimi, fundi cherehani!

Jumatano, 25 Juni

X imesuguliwa, limebaki doa la waridi. Nimekataza lisipakwe chokaa. Watu walione.

Faraji, mchora vibao, yuko juu ya ngazi yake sasa hivi, anaandika jina juu ya mlango. Naandika huku namwangalia — mkono mmoja kalamu, mwingine nimeshika mguu wa ngazi. Mtaa mzima umesimama. Bibi Kumud yuko roshani, kavaa sari ya sherehe. Raha iliyoje!

Ila karatasi ya jina aliyopewa Faraji imetoka ofisi ileile. Nimemwomba anisomee. Mama, usinisumbue, brashi mkononi.

Kaandika G. Kaandika O. Anachovya rangi.

Anavuta mstari wa kusimama. Lo! R na F zinaanza vilevile!